Biskuti za Noël za imbwa ya Anselme

Karuba, tarehe 26 ya mwezi wa kumi na mbili, siku moja kisha Noël.

Ukungu tangu asubuhi. Ng'ombe za jirani nazisikia lakini sizioni. Baridi inaingia mpaka ndani ya meno, na miye nimekaa jikoni karibu na makala ya moto, simu mukononi, ninaandika na kidole kimoja kama kawaida yangu.

Leo sitaandika mambo ya kwaya wala ya viazi. Leo nataka kuungama. Padri atarudi kwetu siku ya Mungu tu, Jumapili, na moyo wangu hauwezi kungoja mpaka pale. Kwa hiyo naanza na nyinyi munaosoma hapa, hata kama muko watatu ao wanne, na mumoja wenu ni binti yangu kule Goma.

Rehema, usinipigie simu mbele ya kumaliza kusoma.

Nilipika biskuti za imbwa, na nikazitia uchungu kwa kusudi.

Muntu anayenisoma leo kwa mara ya kwanza atashangaa. Biskuti za imbwa, hapa kwetu, mwaka kama huu, wakati watoto wa watu wanalala na kikombe cha chai tupu? Najua. Jirani yangu Mama Furaha alishanicheka zamani. Akinikuta na kinu, napondaponda maini, anasimama mulangoni, mikono kiunoni: "Mama Rehema, na komunyo, imbwa yako itapokea mwaka gani?" Namujibu kama iko kwenye katekisimu bado, Baba Yetu haijashika. Tunacheka wote wawili. Lakini akifika kwake najua anasema ingine, na miye ningekuwa yeye ningesema ileile.

Iko hivi. Miye ni mutoto wa hapa Karuba, mutoto wa ng'ombe na maziwa. Kwa baba yangu imbwa ilikuwa kitu cha kufukuza na jiwe. Nikaolewa na Anselme, muntu wa pori la Walikale, muwindaji, mutoto wa muwindaji. Noël yangu ya kwanza kule kwao nilipakua nyama, nikataka kuanza na baba-mukwe. Anselme akanishika mukono polepole.

"Ile nyama, nani aliileta?"

Nikasema, weye.

"Hapana. Miye nilikimbia nyuma tu."

Siku ile imbwa zilikula mbele ya watu wote, na miye nikalia jikoni kwa hasira, bibi-harusi wa miezi mine aliyekula nyuma ya imbwa. Mwaka uliofuata nikaona siwezi kushinda ile desturi, basi nikatafuta namna yangu. Nikapikia imbwa chakula chao cha fête, cha sikukuu, mbali na sufuria ya watu. Anselme alionja moja, akatafuna muda mrefu, akasema inapita mandazi yangu. Kwa mandazi yangu hakukosea.

Bunga ya mahindi vikombe vitatu. Maini ya ng'ombe nusu kilo, nachemsha, napondaponda mpaka inakuwa kama udongo wa kukandika nyumba. Yai moja. Maziwa ya kukandia. Chumvi hapana, sukari hapana. Kitunguu hata harufu yake hapana, juu Anselme alisema inaua pua ya imbwa. Nakata viduara na kopo la tomati. Furu ya kuokea sina, kwa hiyo naweka muchanga chini ya sufuria kubwa, sahani ya bati juu ya muchanga, nafunika, makala chini na makala ingine juu ya kifuniko. Zinatoka ngumu na zinanuka nyama nyumba nzima. Miaka makumi mbili na moja nilizipika hivyo, kule porini na kisha hapa, tuliporudi kwenye shamba ambalo baba aliniachia.

Anselme aliacha pori lakini imbwa hakuacha. Watu wa hapa walisema, mwanaume gani anafuata muke kwao? Yeye akaita imbwa yake ya mwisho Watasema. Akipita mbele ya milango yao alikuwa anaita kwa sauti kubwa, "Watasema! Kuya hapa, Watasema!" Na wao ndani walikuwa wanasikia vizuri.

Mwezi wa tisa Anselme alikufa. Nilishaandika hapa, sitarudilia.

Kile sikuandika ni neno aliloniachia. Ilikuwa muchana, siku tatu mbele ya kufa. Watasema ililala chini ya kitanda. Alinishika kidole, akasema na ile pumzi iliyokuwa inakatika: "Déo akikuja, umupe imbwa. Umwambie mambo ya mama yaliisha." Hivyo tu. Kisha akaomba maji.

Déo ni ndugu yake mudogo. Wakati mama yao alikufa, Déo alikuwa kule Bisie ndani ya mashimo ya madini, ile wakati kila muntu alichimba na mikono yake mwenyewe. Walimutumia habari mara mbili, hakutoka. Anselme akazika mama peke yake, na pale kaburini, mbele ya watu wote, akasema: "Na miye siku yangu ikifika, Déo asinizike." Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Na kweli Déo hakumuzika. Mwezi wa tisa barabara ilikuwa imefungwa, hata kama angetaka hangefika.

Kwa hiyo munaelewa lile neno lilikuwa na uzito gani. Lilikuwa la Déo. Miye nilikuwa wa kulipeleka tu. Namba yake niko nayo. Kupiga simu ni dakika moja.

Sikupiga.

Mwezi wa kumi nilijiambia, si ya kusema kwa simu, akikuja nitamwambia uso kwa uso. Mwezi wa kumi na moja nikaanza kuomba asikuje. Nilikuwa namaliza rozari na kuongeza lile ombi pale mwisho, kama muntu anayeficha kitu chini ya nguo.

Sababu ni Watasema. Nasema hivi na haya. Rehema iko na bwana yake na watoto Goma, nyumba hii tunabaki wawili, miye na ile imbwa. Inakula wakati nakula. Ninaisemesha. Nikilia usiku inainuka na kuweka kichwa juu ya goti, haina mafundisho, hainiambii kama Mungu alimupenda Anselme zaidi. Miye, mutoto wa watu wanaofukuza imbwa na jiwe. Nilifikiri: Anselme alimupa Déo juu hakujua namna nitabaki. Angejua, hangesema.

Nilimusahihisha marehemu. Njo hivyo nilianza.

Déo alifika tarehe 24, mvua ikinyesha. Moto, ile pikipiki ya kukodi, ilimuacha chini, akapanda kilima na muguu. Nilimuona anaingia kiwanjani, mabega ya Anselme, kutembea kwa Anselme, na mafua makubwa. Watu wa pori wakifika kwenye baridi yetu pua inafunga mara moja. Alikuwa analeta ndizi, mafuta mekundu ya ngazi, na nyama ya kukauka ndani ya majani. Alisema, "Shemeji, nilichelewa." Alisema hivyo mara tatu ile jioni, kila mara kama ni mara ya kwanza. "Shemeji, nilichelewa."

Pale njo nilipaswa kusema. Alikuwa mbele yangu, kikombe cha chai mukononi, moto unawaka. Nikamuongezea sukari.

Sasa muelewe desturi ya kwao. Muwindaji akikufa, imbwa yake haichukuliwi na kamba. Ndugu yake anachutama, anaiwekea chakula ndani ya kiganja, chakula ambacho mujane alipika na mikono yake, na anaita jina la marehemu. Imbwa ikikula, marehemu amekubali. Ikikataa, marehemu amekataa, na si kutoa imbwa tu, amemukataa ndugu mwenyewe. Inafanywa mara moja. Hairudiwi. Déo aliniambia kwa sauti ya chini: "Kesho kisha misa, shemeji, kama unakubali. Utapika kitu." Nikasema nitapika biskuti zake za Noël, imezizoea. Alifurahi. Alisema, "Zile biskuti za kaka? Watu wa porini wanazisema mpaka leo."

Asubuhi ya Noël, mbele ya misa, niliwasha makala. Niliponda maini. Halafu nikatoka nyuma ya nyumba, nikachuma mubirizi, yale majani ya uchungu tunayochemsha juu ya minyoo. Mwaka uliopita Watasema iliugua tumbo, na Anselme akaimiminia maji ya mubirizi siku tano. Tangu pale ikisikia ile harufu inarudi nyuma na masikio yanalala. Nilikamua majani ndani ya maziwa, nikakandia. Maziwa yakawa na rangi ya majani kidogo. Kisha kupika haikuonekana.

Na Déo, pua yake ilikuwa imefunga. Hilo pia nilifikiri. Nilifikiri kila kitu.

Munataka kujua nilijituliza namna gani? Na Kanisa. Nilijiambia: katekista alisema wafu hawasemi kupitia imbwa, ile mila ni giza, basi kuiharibu si zambi, pengine ni kazi njema. Nilikuwa nakata viduara na kopo la tomati na kujihubiria. Sijasikia mahubiri mazuri kama yale.

Lakini wakati wa komunyo miguu haikuinuka. Benchi yetu yote ilitoka, miye nikabaki nimekaa. Mama Furaha akapita juu ya magoti yangu, akaniangalia. Noël, na mujane hapokei. Pale moyo ulikuwa unajua. Miye njo nilikuwa bado nakataa kusikia.

Kisha misa tulikaa kiwanjani, Déo, miye, na Mama Furaha aliyekuja kusalimia na akabaki juu anapenda kuona. Déo alinawa mikono. Alivaa shati safi. Akachutama, akaweka biskuti moja ndani ya kiganja, akaita, "Kaka Anselme. Ni miye, Déo."

Watasema ilikwenda mbio, mukia unacheza, juu ilijua zile ni zake. Ikafika. Ikanusa. Masikio yakalala. Ikarudi nyuma hatua moja, mbili, ikakuja kukaa nyuma ya nguo yangu.

Déo hakusogea. Mukono wake ulibaki vilevile. "Kaka," akasema. "Kaka Anselme." Akainua kiganja kidogo, biskuti ileile. Imbwa ikageuza kichwa.

Déo akainuka na kufunga mukono juu ya biskuti. Akaniangalia na kutabasamu, ile ya kutuliza mwenye nyumba wakati mugeni amevunja sahani.

"Si kitu, shemeji. Nilijua."

Nilijua, alisema. Jana nzima nilisikia lile neno. Alikula kidogo, akasifu viazi, akauliza habari ya Rehema. Miye nilikuwa nimepata kile nilichotaka, iko imelala juu ya miguu yangu.

Leo asubuhi nilisikia mulango. Déo alikuwa ametoka na ukungu, amekwenda kaburini. Nikamufuata na chai. Nilimukuta amepiga magoti, anang'oa majani na mikono, jani moja moja, anatikisa udongo kwenye mizizi na kuupanga tena juu ya kaburi. Alikuwa amefika karibu nusu. Nikaweka kikombe chini, na nikasema mbele woga haujanishika.

"Shemeji, imbwa haikukukataa. Nilitia mubirizi."

Hakuelewa. "Mubirizi gani?"

"Ndani ya biskuti. Inachukia mubirizi. Nilitia kusudi."

Alibaki na jani mukononi. "Juu ya nini, Mama Rehema?"

"Juu nilitaka ibaki na miye."

Akakaa chini kabisa, pale kwenye majani yenye maji. Nilingoja matukano. Ningepokea matukano kama mvua. Akasema polepole: "Ungeniambia tu, Déo, uniachie imbwa. Ningekuachia. Unafikiri nilikuja juu ya imbwa? Kwangu ziko tano."

Basi nikatoa kile kingine, kile kikubwa. Nikamwambia neno la Anselme lote, kidole alichonishika, pumzi, imbwa chini ya kitanda, "mambo ya mama yaliisha." Nilifikiri lile neno litamufungua kama mulango.

Déo akatupa lile jani pembeni.

"Alisema lini?"

"Siku tatu mbele ya kufa."

"Nani alisikia?"

"Miye peke yangu."

"Na imbwa," akasema. Akacheka kidogo, cheko la puani, na mafua yakamukatisha. Akafuta pua. "Miezi mitatu, shemeji. Na namba yangu uko nayo."

Nikasema ni kweli, nilificha, ni ile imbwa tu. Nikatoa rozari niape. Akaweka mukono wake juu ya mukono wangu, mukono wenye udongo wa kaka yake.

"Usiape. Pengine ni kweli. Pengine umeniona jana namna nilikuwa, na unanihurumia. Weye ni muntu wa huruma. Miye nitajua je?"

Nitajua je. Mungu wangu, na lilikuwa neno la kweli. Nililiweka ndani mpaka likaoza, na wakati nilipolitoa lilinuka sawa na uongo.

Nilirudi mbio jikoni. Maini yalikuwa yamebaki kidogo. Nilipika biskuti ingine, safi, nikizipuliza na kanga ili zipoe upesi. Déo alikuwa amefunga mufuko wake, anangoja kiwanjani kwa heshima. Biskuti moja ilianguka kutoka kwenye sahani, na Watasema ikaimeza mbele haijagusa vizuri udongo. Tuliona wote wawili. Nikamwambia, "Shika, Papa Déo, ita jina lake." Akatikisa kichwa.

"Kwetu haiulizwi mara mbili. Na sasa ikikula, ni njaa tu."

Basi nikaleta kamba. Nikasema, chukua hivihivi, ni neno lake. Hata kamba hakuigusa. Alichukua biskuti mbili, akaziweka mufukoni mwa koti, akasema atazitafuna njiani, zile za kaka alizisikia tu hajawahi kuzionja. Akaniaga vizuri. Aliniita shemeji mpaka mwisho. Hilo njo linaniumiza zaidi, angeninyima lile jina ningejua nimelipa kitu.

Imbwa ilimusindikiza mpaka kwenye kona ya ua. Kisha ikarudi kwangu.

Sasa iko hapa, imelala karibu na makala, moto wake ninausikia kwenye miguu. Niliiomba, niliiiba, nimebaki nayo. Na kule chini kwenye barabara muntu anarudi Walikale na pua inayotiririka, anajiuliza kama ndugu yake alikufa amemusamehe ao hapana, na muntu mumoja tu chini ya jua anajua jibu, na huyo muntu njo aliharibu kinywa chake mwenyewe.

Siku ya Mungu nitaungama kwa padri. Atanipa kitubio, pengine rozari kumi, nitazisema zote. Lakini padri hawezi kunirudishia zile siku za mwezi wa tisa, wakati ningeshika simu na Déo angeniamini neno kwa neno, juu hakukuwa na sababu ya kutoniamini.

Mama Furaha alipita mbele ya saa sita. Nilimwambia yote. Sikutaka asikie kwa wengine. Alikaa juu ya kiti cha Anselme, akavuta pumzi. Nilingoja aseme juu ya imbwa na komunyo. Akasema tu, "Mama Rehema, hata miye ningetia." Kisha, mulangoni: "Lakini ningezitupa mbele ya kumupa Déo."

Rehema, sasa unaweza kupiga. Najua utasema nini. Utasema, mama, barabara ile, magoti yale, na sukari ya damu. Lakini nimeshakata. Kisha fête ya Wafalme, ile ya mwanzo wa mwaka, njia ikikubali, nitafunga nguo mbili na nitachukua Watasema, tutashuka mpaka Walikale, kwa moto pale iko moto na kwa muguu pale haiko. Nitamuachia Déo imbwa mulangoni kwake, nitarudilia neno la baba yako vilevile, na nitarudi peke yangu. Sitamuomba aamini.

Kinywa changu hawezi kukiamini tena. Lakini muke wa miaka makumi tano na mbili, aliyetoka Karuba mpaka kwake kurudisha kitu alichokipenda: pengine ile miguu ataiamini.